Dar es Salaam hadi Nairobi kwa Njia ya Kuzunguka: Safari ya Kuwatembelea Wakusanyaji wa Magitaa ya Umeme

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Dar es Salaam, kwa kuunganisha maandishi ya daftari langu na picha za simu ambazo nyingi, ukweli usemwe, ni za skrubu, swichi na migongo ya magitaa kuliko za milima au bahari. Marafiki wa Nairobi walikuwa wamenialika kwenye kikao chao chenye masharti mepesi: kila anayekuja aje na gitaa moja la umeme, aeleze lilikotoka, na akubali wengine walipige. Basi la moja kwa moja lingenifikisha bila usumbufu. Hata hivyo nilichagua kuzunguka kwa Morogoro na Tanga, kwa sababu huko wanaishi watu wawili ambao makusanyo yao nilikuwa nimeyasikia kwa muda mrefu bila kuyaona.

Gitaa nililobeba ni Squier Stratocaster jekundu lililotengenezwa Japani; Squier ni chapa ya kampuni ya Marekani ya Fender. Namba yake inaanza na herufi JV, alama inayolitambulisha kuwa ni la miaka ya mwanzo kabisa ya Fender Japan, iliyoanzishwa mwaka 1982. Nililinunua Kigamboni kwa baharia mstaafu, na sijawahi kulijutia.

Jumanne: Dar es Salaam hadi Morogoro

Treni ya umeme ilinigharimu shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida. Kwenye ukaguzi, sanduku la gitaa lilipita katika mashine na mlinzi akaomba lifunguliwe. Alilitazama kwa makini, akauliza kama ni la kanisani. Nilimjibu kwamba limewahi kupigwa kanisani pia, jambo ambalo ni kweli, naye akanisaidia kufunga vibanio. Ndani ya behewa nililishika katikati ya magoti safari nzima, na anayesafiri na sanduku gumu afike mapema, abiria wakiwa bado wachache.

Mwenyeji wangu wa Morogoro ni mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyewahi kupiga gitaa la kati katika bendi ya taasisi moja ya umma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza glasi ya maji tulikuwa tumeshaingia chumba cha nyuma. Magitaa manne yalining'inia ukutani, kila moja limefunikwa kipande cha kanga dhidi ya vumbi. Nilimuuliza ni lipi alilopigia enzi zake za dansi. Akacheka.

"Hakuna hata moja, mwanangu. Gitaa la kwanza kuwa langu nililinunua nikiwa tayari nina wajukuu."

Maelezo yake ndiyo yaliyonifumbua macho kuhusu ukusanyaji wa magitaa katika nchi yetu. Bendi kubwa za dansi zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji; polisi, magereza na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, vimeandikwa katika daftari la stoo pamoja na spika na ngoma, na mpigaji aliyehama bendi aliliacha gitaa kama dereva anavyoacha funguo za gari la ofisi. Ndiyo maana ukienda nyumbani kwa mpiga solo maarufu wa miaka ile utakuta picha, vyeti na labda suti ya jukwaani, lakini gitaa hulikuti. Mkusanyaji wa Ulaya au Marekani anatafuta gitaa lililokaa miaka hamsini chini ya kitanda cha mtu. Kwetu sisi halikuwahi kuwa na kitanda cha kukaa chini yake.

Gitaa analolipenda zaidi ni Höfner la Ujerumani lenye mwili mpana ulio wazi ndani, alilolikuta bila shingo kwa fundi seremala. Seremala yuleyule alimchongea shingo mpya ya mninga, akaisugua kwa msasa hadi ikalainika kama mwiko wa zamani. Mkusanyaji mkali angesema gitaa hilo limeharibiwa thamani. Mzee halumbani naye: "Mwili Mjerumani, shingo Mluguru, na watoto wao wanaimba vizuri."

La pili lilitupa kazi. Ni Fender Mustang la bluu ambalo muuzaji alimhakikishia kuwa ni la mwaka 1969. Tulifungua bamba la swichi na kutazama mgongo wa kitasa cha sauti, yaani kile kifaa kinachozungushwa kupandisha na kushusha sauti, ambako viwanda vya Marekani vilipiga muhuri wa tarakimu. Tulisoma 1377633. Tatu za kwanza, 137, ni alama ya kampuni ya CTS. 76 ni mwaka. 33 ni wiki. Kitasa kilitengenezwa Agosti 1976, kwa hiyo gitaa lenyewe, kama kitasa hakijabadilishwa, haliwezi kuwa limekamilika kabla ya hapo. Lehemu yake haikuonyesha dalili ya kuguswa. Mzee alivua miwani akasema, "Kumbe ni dogo kuliko mwanangu wa pili," na hakuonekana kusikitika hata kidogo.

Jioni tulikula wali, maharage na mchicha, tukimzungumza Mbaraka Mwinshehe, ambaye huwezi kulala Morogoro na gitaa bila jina lake kutajwa: alivyocharaza solo Morogoro Jazz, alivyokwenda na bendi hiyo kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alivyounda Super Volcano mwaka 1973, na ajali ya gari iliyomwondoa nchini Kenya Januari 1979. Mzee anasema watu wanakumbuka kasi ya vidole vyake na kusahau alivyojua kunyamaza ili ridhimu ipumue. Nakubaliana naye.

Jumatano: Morogoro hadi Tanga

Basi liliondoka stendi ya Msamvu asubuhi, nauli shilingi 22,000, kwa njia ya Chalinze na Segera. Kondakta alitaka sanduku liingie buti ya chini. Nilikataa kwa adabu, nikalipia kiti cha pili kwa nusu nauli, na hilo ndilo pendekezo langu kwa yeyote mwenye gitaa la thamani: joto la buti hulainisha gundi, na mizigo hupangwa bila huruma.

Kabla ya kufika Mkata basi lilizimika, na tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa tatu tukisubiri kifaa cha injini kiletwe kwa pikipiki. Mvua ilipoanza, mama mmoja mwenye kibanda cha chai aliniona nimelikumbatia sanduku. "Mwanangu, leta hicho kitu ndani, wewe ukilowa utakauka." Alilaza sanduku juu ya kitanda cha kamba ndani ya chumba chake, akarudi kukaanga chapati. Nilipotaka kulipa zaidi ya bei ya chai alikataa, akaomba tu aone kilichomo. Nilifungua, nikapiga bila umeme, sauti nyembamba isiyoshinda mvua, na watoto wake wawili wakaanza kucheza hata hivyo.

Machungwa ya Muheza tuliyanunua dirishani gizani. Tanga tuliingia usiku.

Alhamisi: Tanga

Tanga ina haki ya kujivunia gitaa la umeme kuliko inavyosifiwa. Mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vikundi vyake vya taarabu, Black Star na Lucky Star, viliingiza gitaa la umeme na besi katika muziki uliozoea udi, fidla na kanuni. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako Simba Wanyika ilizaliwa mwaka 1971.

Niliyemfuata ni kijana fundi redio wa Ngamiani, kwenye ile mitaa inayotajwa kwa namba. Mkusanyo wake haufanani na wowote niliowahi kuuona, kwani ana magitaa mazima mawili tu. Mengine yote ni vipande. Shingo zimepangwa kwenye kona kama miwa sokoni, miili imerundikwa chini ya meza, na ndani ya makopo ya maziwa ya unga kuna vifungio, madaraja ya nyuzi, vitasa na skrubu, kila kopo limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Vingi alivipata kanisani, shuleni na kwenye kumbi zilizofungwa, watu walipokuwa wakivitupa.

Sifa yake kubwa ni kusuka pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi. Ameondoa mota kwenye cherehani iliyoungua, akaifunga kwenye ubao, na mbele yake ameweka kikokotoo cha bei rahisi alichokiunganisha na kiswichi, ili kila mzunguko ujihesabu wenyewe kwa kubonyezwa alama ya sawasawa. Waya ni wa shaba wenye unene wa karibu milimita 0.063, mwembamba kama unywele. Anauongoza kwa vidole viwili vilivyopakwa unga wa talki, macho hayapepesi, pumzi ameibana, na pikapu moja ya mtindo wa Stratocaster inakula mizunguko karibu 8,000. Nilipokuwa pale ulikatika kwenye mzunguko wa 6,100 na ushei kwa sababu mtoto wa jirani aligonga mlango. Hakufoka. Aliuvua wote, akaanza upya.

Baada ya kusuka, pikapu huchovywa kwenye nta iliyoyeyushwa ili waya usitetemeke ndani na kupiga yowe sauti ikipandishwa. Yeye anatumia mishumaa ya dukani. Alinipa pikapu moja iliyokamilika, akanifungia kwenye karatasi la gazeti: "Kaka, wapelekee hao wa Nairobi waihukumu, ila usiwaambie imetoka wapi mpaka wamalize."

Ijumaa: Horohoro, Likoni na Miritini

Gari dogo hadi Horohoro lilinigharimu shilingi 5,000, na mpaka ulikuwa na watu wachache. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vilitazamwa, kisha afisa forodha akauliza kama gitaa naenda kuliuza. Nilimwonyesha stakabadhi ya ununuzi na picha ya namba ya JV niliyokuwa nimeichapisha kwenye karatasi. Aliilinganisha na namba ya gitaa, akaandika mstari mmoja, tukaagana. Ukitaka kurudi na gitaa lako bila kuulizwa ushuru, beba karatasi ya namna hiyo na uombe igongwe muhuri wakati wa kutoka.

Wapo wanaoogopa mbao. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ni wa jamii ya Dalbergia, ukoo uleule wa mpingo wetu, na mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka jamii hiyo karibu yote chini ya masharti ya vibali, jambo lililowatesa wakusanyaji dunia nzima. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika hazihitaji kibali hicho, isipokuwa zenye mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, ambao ulinzi wake ni mkali zaidi. Kama una gitaa la zamani sana la Marekani, chunguza hilo kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Matatu kutoka Lunga Lunga ilinifikisha Likoni kwa shilingi 400 za Kenya, na kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu. Mombasa nilikula viazi karai na ukwaju, nikaoga kwa jamaa, nikaelekea Miritini kupanda treni ya usiku. Tiketi ya shilingi 1,500 alikuwa amenikatia rafiki wa Nairobi kwa simu, kwa kuwa malipo yalihitaji laini ya Kenya na namba ya pasipoti yangu. Kwenye ukaguzi abiria hupanga mizigo mstari mmoja na kurudi nyuma, mbwa wakapita wakinusa. Sanduku langu lilinuswa mara mbili. Nadhani ilikuwa ile nta.

Treni iliondoka saa nne usiku. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana na haviegemei nyuma, kwa hiyo usitarajie usingizi.

Jumamosi: Nairobi

Tulifika Syokimau usiku wa manane ukiwa umepita, na rafiki alinifuata kwa gari. Kabla ya kulala nilifungua sanduku ili gitaa lizoee hewa. Pwani ina unyevu mwingi, Nairobi iko juu mita 1,700 hivi na ni kavu zaidi; mbao husinyaa, shingo hupinda kidogo, na ncha za freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, huanza kukwaruza kiganja. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaopendwa na magitaa. Baada ya saa chache niligeuza nati ya ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, nyuzi zikaacha kugonga. Usigeuze zaidi ya hapo kwa mara moja.

Kikao kilikuwa South C, kwenye gereji ya mhandisi wa umeme, na kufikia saa nane mchana magitaa yalikuwa yamejaa zulia. Nilitarajia majivuno ya bei, nikakuta mabishano ya kitaalamu. Daktari wa meno alileta Gibson Les Paul, akaeleza kwa nini mifano ya 1958 hadi 1960 yenye rangi ya mawio inauzwa kwa bei za nyumba, na kwa nini la kwake, la miaka ya tisini, linamtosha. Mama mmoja anayepiga besi kanisani alileta Precision Bass, mtindo ulioanza mwaka 1951, akasimulia jinsi alivyolinunua kwa mafungu kutoka kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, huku wanaume wakimuuliza kila mwezi kama analinunulia mumewe.

Kijana mmoja alileta Gibson lingine, linalong'aa, alilouziwa mtandaoni. Kimya kidogo kilipita. Mhandisi aliligeuza kwa upole, akaonyesha kifuniko kidogo kilicho kichwani, juu ya shimo la fimbo ya shingo: kina skrubu tatu, ilhali cha Gibson halisi kina mbili. Hakuna aliyemcheka. Walilijaribu, wakakubaliana kwamba shingo yake ni nzuri na kwamba likibadilishiwa vitasa na pikapu litakuwa chombo cha kazi, mradi asije akamuuzia mwingine kwa jina lile.

Mzee kutoka Lubumbashi, aliyeishi Dar es Salaam kabla ya kuhamia Nairobi, alikuja na gitaa la umeme la nyuzi kumi na mbili, akatukumbusha Ndala Kasheba, ambaye aina hiyo ya gitaa ilikuwa kama saini yake. Ndipo ubishi mkubwa ulipozuka. Daktari anaamini gitaa la kale liachwe na kutu yake, lehemu yake na freti zake zilizolika, maana ukibadilisha kitu kimoja umefuta ushahidi. Mzee alimjibu kwamba huko kwao na kwetu gitaa lisilobadilishwa kitu ni lile ambalo halikufanya kazi. Niliwasimulia habari ya Höfner na shingo yake ya mninga. Daktari ana hoja kwa Les Paul la 1959, ambalo historia yake imeandikwa sana; lakini kwa magitaa yetu, ambayo daftari la stoo limepotea na bendi imekufa, ukarabati ndio kumbukumbu pekee iliyobaki, na seremala aliyelikarabati hulitambua kwa kazi ya mkono wake.

Baada ya nyama choma na ugali tuliijaribu pikapu ya Tanga. Mhandisi aliifunga kwenye gitaa la majaribio, wengine wakageuka kutazama ukuta, na mimi nikapiga kipande kilekile kwa magitaa matatu kupitia kikuza sauti kimoja. Wengi waliipenda ya Tanga kwa nyuzi za juu, wakisema inalia kama benga ya zamani. Ilikuwa na mngurumo wa umeme wa nyumba, kama pikapu yoyote ya koili moja, yaani msuko mmoja wa waya. Ndiyo kasoro iliyomfanya Seth Lover wa Gibson abuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955, moja ikifuta mngurumo wa nyingine. Sauti ilipopandishwa sana, ikapiga yowe. Mhandisi aliifungua na kuonyesha kwamba nta haikufika kwenye waya wa ndani: ichanganywe na nta ya nyuki kidogo, iwekwe kwenye joto la nyuzi 65 hivi, na pikapu isitolewe hadi vipovu viishe.

Neno moja kwa wenye vikuza sauti vilivyoletwa moja kwa moja kutoka Japani: vingi vimetengenezwa kwa volti 100. Kimoja kililetwa kikaoni kikiwa kimeungua tayari, kwa kuchomekwa kwenye 240. Nunua transfoma ya kushusha umeme kwanza, kikuza sauti baadaye.

Jumapili na Jumatatu: Luthuli, kisha nyumbani

Maduka mengi ya Luthuli Avenue yalikuwa yamefungwa Jumapili, ila nilipata seti mbili za nyuzi na soketi ya waya. Kurudi kulikuwa kwa basi kupitia Namanga na Arusha, safari ndefu isiyo na la kusimulia zaidi ya muhuri wa forodha, ambao niliuonyesha na kupita.

Nilimpigia fundi wa Tanga nikiwa bado Arusha, nikamsomea hukumu yote, pamoja na habari ya nta na vipovu. Alisikiliza, akauliza joto ni nyuzi ngapi, nikasikia anaandika. Kisha nikamwambia kwamba mama wa besi anataka moja na mhandisi anataka tatu, zipitie kwa wakala wa mabasi ya Mombasa.

"Sawa kaka," akasema, "ila watangulize nusu. Waya umepanda bei, na nta ya nyuki si mishumaa."

Mhandisi alituma nusu jioni ileile. Mama wa besi bado anaomba apunguziwe bei.